Talanta: Mzigo Kabla ya Kipaji

Mhubiri awaambiapo vijana kwamba kila mmoja wao anayo talanta, humaanisha uwezo wa kuzaliwa nao ambao bado umefichika. Maana hiyo imekubalika katika Kiswahili, wala hatukusudii kuipinga. Lakini kwa mwenye kufafanua Mathayo 25:14-30 haitoshi, na yaweza kumpotosha.

Neno la Kiyunani talanton lilikuwa jina la mizani, kisha la uzito, kisha la fedha ya uzito huo. Mzizi wake una maana ya kubeba na kustahimili. Talanta ya Athene ilikuwa kilo 26 hivi. Kwa fedha ilikuwa drakma 6,000, yaani ujira wa kibarua wa takriban miaka 20. Maana ya kipaji ilizaliwa Ulaya katika Zama za Kati, kutokana na mfano wenyewe.

Kwa nchi ya Tabora maana ile ya kwanza si ngeni. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, kilo 16 hivi, na mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikaribia frasila mbili. Yule mtumwa wa tatu, ambaye tumezoea kumhurumia kwa kupewa kidogo, alikabidhiwa basi karibu mzigo mzima wa fedha!

Tena Mathayo aeleza kwamba bwana aligawa kwa kuutazama uwezo wa kila mmoja, na neno lake hapo ni dynamis. Uwezo ulitangulia, talanta ilikuja juu yake kama amana. Neno letu kipawa, lililotokana na kitenzi kupa, hulinda jambo hili vizuri zaidi, kwa maana humkumbusha msikiaji kuwa yuko aliyetoa.

Mwaka 1871 Stanley alikuta Kwihara, karibu na Tabora, bidhaa zilizotumwa kutoka pwani kwa ajili ya Livingstone. Msafara ulikuwa umesimama, na vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vikaifunga njia. Oktoba mwaka huo Livingstone alifika Ujiji akiwa hana kitu, ilhali mali yake ipo. Ilimbidi aifuate Kwihara mwenyewe, Februari 1872.

Fedha ya mtumwa wa tatu nayo ilifukuliwa bila kupungua uzito. Bwana hakumwuliza kwa nini hakuwa na uwezo; alimwuliza kwa nini hakuipeleka hata kwa watoa riba.