Jina la Gitaa Si Kipimo Chake

Kila mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba jina halina undugu wa damu na kitu linachokitaja. Ni mapatano tu baina ya watu. Mswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kufariki kwake, ndiye aliyelifafanua wazo hilo likaenea ulimwenguni. Swali ninalotaka kulizusha leo ni hili: kitu kinapovuka mipaka na kuyaacha mapatano yake nyuma, ni nani anayepata hasara?

Wakazi wa Busia na Malaba hawahitaji kwenda chuo kikuu ili kulielewa swali hili. Ipo Busia ya Kenya na ipo Busia ya Uganda. Ipo Malaba ya huku na Malaba ya kule. Anayesema kwamba anakwenda Busia, asiongeze neno, bado hajasema kitu. Sokoni, mama anayenunua mahindi kwa gorogoro huangalia kwanza kama mkebe umejazwa hadi ukingoni au umerundikwa. Na ni katika mpaka huu ndipo lilipozaliwa jina la boda boda, katika miaka ya 1960, kutokana na waendesha baiskeli waliowavusha watu na mizigo kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi jirani. Leo jina hilo limeshikwa na pikipiki za Mombasa na za Kigoma, ambazo nyingi hazijapata kuuona mpaka wowote.

Basi ni watu hawa, na hasa walimu wao, ninaotaka kuzungumza nao kuhusu gitaa. Mtaala wa umilisi umeipa sanaa mkondo wake katika sekondari ya juu tangu Januari 2026, na muziki umo. Shule inapotafuta gitaa, mwalimu hukabiliwa na orodha iliyojaa herufi na nambari: 000-28, D, J-45, FG800, 3/4. Akidhani kwamba nambari kubwa ndiyo gitaa kubwa, amekwisha kupotea njia kabla ya kufika dukani.

Tuanze na kampuni ya Martin ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1833, ambayo vipimo vyake vimeigwa na watengenezaji wengi. Katika karne ya 19 Martin walihesabu kinyumenyume. Nambari 5 lilikuwa gitaa dogo kabisa, lenye upana wa inchi 11¼ mahali tumbo linapotanuka zaidi. Nambari 1 lilikuwa kubwa, inchi 12¾. Wateja walipotaka kubwa kuliko hilo, nambari zilikuwa zimekwisha! Ikabidi kuingia katika sifuri: 0 likawa na inchi 13½, 00 likapita inchi 14, na mwaka 1902 likaja 000 la inchi 15. Kwa hiyo kadiri sifuri zinavyoongezeka ndivyo gitaa linavyokua. Nambari inayofuata kistari, kama vile 28 katika 000-28, haisemi lolote juu ya ukubwa. Hutambulisha mbao na mapambo.

Mwaka 1916, mwaka ule ule wa kitabu cha Saussure, Martin walianza kulitengenezea duka la Oliver Ditson gitaa pana lenye kiuno kisichobonyea sana, likaitwa Dreadnought. Jina hilo lilitokana na manowari ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1906, na maana yake ni asiyehofu lolote. Herufi D tunayoiona leo ni mabaki ya sitiari hiyo ya vita. Upana wake ni inchi 15⅝, tofauti ndogo tu na 000. Kinachoongezeka hasa ni kina na unene wa kiuno, na kwa hiyo hewa iliyomo ndani.

Kampuni ya Gibson nayo ina J-45. Herufi J ni ya Jumbo, neno ambalo maana yake ya ukubwa ilienezwa na ndovu wa bustani ya wanyama ya London aliyeuzwa Marekani mwaka 1882. Na 45 je? Ni bei ya dola 45 ya mwaka 1942, gitaa hilo lilipotolewa. Atakayekwenda dukani leo na dola 45 atarudi na nyuzi tu. Yamaha wa Japani nao wana FG800 na FS800: nambari ni moja, miili ni miwili, kwani FS ni dogo kuliko FG.

Mtego mkubwa zaidi kwa mwalimu ni ule wa 3/4. Mtu hudhani kwamba ni robo tatu ya gitaa la mtu mzima. Sivyo. Katika gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni, sehemu ya uzi inayotetema ina urefu wa milimita 650. Katika la 3/4 huwa karibu milimita 580, yaani takriban asilimia 89. Jina lasema robo tatu. Rula yasema karibu sehemu tisa kwa kumi.

Huenda msomaji akauliza, haya yote yana faida gani? Faida yake ni mtoto. Mwanafunzi wa miaka kumi akipakatishwa D, mkono wake wa kulia huparamia tumbo la gitaa kama anayekumbatia pipa. Bega humuuma, vidole havifiki, na baada ya majuma mawili huambiwa kwamba hana kipaji. Kipaji anacho; ila fedha za shule zimenunua herufi ambayo hakuna aliyeifasiri.

Tena ukubwa ni sauti. Sanduku pana lenye kina hunguruma, likamfaa anayezipiga nyuzi zote kwa pamoja ili kuisindikiza kwaya. Sanduku dogo huzipa nyuzi nafasi ya kusikika moja moja, likamfaa anayedonoa kwa vidole. Na huku magharibi mwa Kenya, kudonoa ni urithi wetu. Marehemu George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliuvumisha mtindo wa omutibo, ambamo kidole gumba hushika besi na kidole cha shahada hushika wimbo, huku mwenzake akiitia mahadhi chupa ya Fanta. Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery, kutoka Bunyore, walisikika hadi Ulaya kwa sahani zilizotolewa Uingereza mwaka 1989 na 1992. Mwalimu anayetaka kuurithisha mtindo huu asilichague gitaa kwa sababu tu ndilo kubwa; huenda besi ikaumeza wimbo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuyatupa majina ya kigeni na kusema gitaa kubwa, la kati na dogo. Sikubaliani nao. Kubwa kwa nani? Huko ni kurudi kwenye Busia isiyojulikana ni ya upande gani. Majina ya kampuni na yabaki kuwa majina, lakini vipimo tuvitaje kwa lugha yetu. Kiswahili kinayo maneno tayari: kifua, kiuno, tumbo, shingo, daraja. Wazee wanaounda litungu la Wabukusu na adeudeu ya Wateso nao wana istilahi zao, ambazo wanafunzi wa Busia na Malaba wanaweza kuzikusanya kabla hazijapotea. Na katika daftari la vifaa vya shule, kando ya kila gitaa, yaandikwe mambo matatu: upana wa tumbo, kina cha sanduku, na urefu wa uzi unaotetema. Kazi hiyo yahitaji utepe wa fundi cherehani na robo saa tu.

Lori lifikalo Malaba halipiti kwa jina lililoandikwa kwenye turubai. Hukaguliwa, karatasi zake zikalinganishwa na shehena, ndipo likapigiwa muhuri. Gitaa linaloingia darasani nalo lastahili ukaguzi uo huo, kabla hatujamkabidhi mtoto na kumhukumu kwalo.