Weusi Usiotoka kwa Sabuni

Sisi tunaoandika makala haya ni mama, binti zake wawili na mkaza mwana wake, watu wa Mwambao tuliohamia Nyamarambe, Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii. Kazi inayotulisha ni kufua mazulia. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wamelizoea jua la kukausha zulia kutwa moja. Huku milimani mvua ni nyingi, udongo ni mwekundu wenye kung'ang'ania, na kazi ya mfuaji haikosekani. Kinachokosekana wakati mwingine ni maelewano kati ya mfuaji na mwenye zulia, nayo ndiyo tuliyokusudia kuyazungumza wiki hii.

Katika mvua za masika, jirani yetu mmoja, mwalimu, alituletea zulia la sebuleni, la rangi ya maziwa, lenye manyoya marefu. Kutoka upande wa mlango hadi kwenye makochi palikuwa na njia nyeusi. Tulilifua kutwa, tukalisuuza mpaka maji yakatoka meupe, tukalianika siku tatu. Alipokuja kulichukua alilitazama kwa muda, kisha akasema, "Dada zangu, mbona njia hii ingalipo? Na sasa yaonekana zaidi kuliko nilipolileta."

Mama akamjibu, "Mwalimu, hiyo si taka. Zulia limelika."

"Basi mbona hamkuniambia siku ile nilipolileta?"

Hatukuwa na jawabu. Alilipa nusu ya ujira, akaondoka, na kwa wiki kadhaa salamu zetu zilikuwa za baridi. Swali lake lilikuwa la haki. Leo tunayaeleza yale ambayo tungalipaswa kumweleza siku ya kwanza.

Namna zulia linavyolika

Uzi mpya wa zulia ni laini na hurudisha nuru, mfano wa chemni mpya ya taa. Chembe za mchanga huzama katika mashina ya manyoya, na kila mguu unaopita huzisukuma zikazikwaruza nyuzi. Mikwaruzo hiyo ni midogo, haionekani kwa macho, lakini ikizidi, uzi hautoi tena mng'ao wake. Nuru hutawanyika, na mahali pale pakafubaa. Chemni iliyosuguliwa kwa mchanga haitang'aa hata ikioshwa kila siku, kwa kuwa ila imo katika kioo chenyewe. Ndivyo lilivyo zulia lililolika.

Kwa nini basi weusi uonekane zaidi baada ya kufuliwa? Kabla ya kufuliwa, taka ilikuwa imelifunika zulia lote kwa rangi moja. Taka ikitoka, pembezoni hung'aa na njia ya katikati hubaki ilivyo. Sabuni haikuileta ila hiyo, imeifunua tu.

Mazulia hayalingani katika jambo hili. Manyoya ya sufu yana mkunjo wa asili unaoyasaidia kusimama tena baada ya kukanyagwa. Mazulia mengi ya bei nafuu hufumwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Haili maji na haishiki madoa mengi, lakini ikilala chini ya miguu kwa muda mrefu, huwa vigumu kuinuka.

Kivuli kinachohama

Kuna ila ya pili inayowashangaza wengi zaidi. Zulia la rangi moja lenye manyoya mengi laini huweza kutokeza mabaka mfano wa maji yaliyomwagika, giza upande huu na weupe upande ule. Hapo manyoya yamegeuka mwelekeo. Ncha ya uzi humeza nuru na ubavu wake huirudisha, hivyo manyoya yaliyolala huku na huku huonekana rangi mbili ingawa rangi ni moja. Wataalamu wa mazulia wameichunguza hali hii kwa miaka mingi bila kuafikiana juu ya chanzo chake. Hutokea katika mazulia ya thamani na ya bei ndogo, ya sufu na ya plastiki. Ukiyachana kwa brashi hutulia kwa muda, kisha mabaka hurejea. Hakuna dawa wala ufuaji wa kuyaondoa moja kwa moja.

Kwa hiyo msomaji alipime zulia lake mwenyewe kabla ya kulipeleka kwa mfuaji. Kwanza, achukue kitambaa cheupe kilicholowa maji kidogo, akisugue pole pole mahali penye weusi. Kitambaa kikichafuka, hapo pana taka. Pili, asimame upande mmoja alitazame, kisha azunguke upande wa pili. Baka likibadilika kutoka giza kuwa jeupe, hicho ni kivuli. Taka haibadiliki kwa kuzungukwa. Tatu, ainue kochi, alinganishe sehemu isiyokanyagwa na sehemu ya njia. Ikiwa kitambaa kimebaki safi, na njia imefubaa kila upande autazamao, zulia limelika.

Ziko alama nyingine zisizorudi nyuma. Kaa la chetezo likianguka juu ya zulia la plastiki huyeyusha nyuzi, na pasi ya moto hufanya vivyo hivyo. Hata kochi zito likiburutwa huacha mstari unaong'aa, kwa sababu msuguano umeziyeyusha ncha. Dawa za klorini za kupaushia nguo huila sufu yenyewe. Jua la dirishani nalo hufifisha rangi, na rangi iliyokwenda hairudishwi kwa sabuni.

Tohara na sura

Akina mama wengi huswali juu ya mazulia haya, na wengine huingiwa na shaka waonapo weusi uliobaki. Kulika si najisi, wala kivuli si najisi. Hata palipokuwa na najisi ikaoshwa ipasavyo, rangi iliyobaki ikiwa ni ngumu kuondoka husamehewa katika madhehebu ya Shafi'i tunayoyafuata Pwani. Hapana haja ya kulisugua zulia kwa brashi ngumu. Kufanya hivyo huzifumua ncha za nyuzi na kuzidisha kulika.

Lakini la mwalimu lilitugusa mahali pengine. Twajua habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani, akamlaumu mwuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Sisi tuliiona njia ile siku ya kwanza, tukanyamaza kwa kuchelea kuikosa kazi. Baada ya kuyafikiri hayo tulikwenda kwake, tukamwomba radhi, wala hatukuidai nusu iliyobaki. Tuliinua makochi yake pamoja, tukamwonyesha manyoya yaliyokuwa chini yake na yale ya njia. Akapitisha kiganja mara mbili, akasema, "Sasa nimeona." Tukalizungusha zulia, ile sehemu iliyolika ikaingia chini ya makochi.

Tangu siku ile, zulia likiletwa tunalikunjua kwenye nuru ya mlango, mwenyewe akiwapo. Tunamwonyesha palipolika, palipoungua na penye kivuli, tunayaandika daftarini, kisha ndipo tunapatana bei. Wapo wanaoghairi wakalichukua zulia lao. Ni haki yao. Nawe msomaji, ukishaonyeshwa ukakubali, mlipe mfuaji ujira wake kamili, kwa kuwa ametoa taka, na kulika hakukutoka mikononi mwake.

Anayetaka zulia lake lidumu, atandike kitambaa cha kufutia miguu mlangoni, alikung'ute mchanga kila wiki bila kungoja uonekane, na aligeuze kichwa kwa miguu kila baada ya miezi michache ili njia isipite mahali pamoja. Asiyaache mafuta ya mwilini yakauke juu yake, maana vumbi hunata hapo. Na chetezo akiweke juu ya sinia.