Kidoa Kinachobadilika Kisipuuzwe

Wako miongoni mwetu waaminio kwamba kidoa cheusi mwilini ni alama ya bahati. Asili yake ni chembechembe zitiazo ngozi rangi, ambazo hukusanyika mahali pamoja. Vidoa vingi vya namna hiyo havina madhara, wala havihitaji tiba.

Lakini kipo kidoa cha saratani iitwayo melanoma. Imezoeleka kusemwa kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu waunguzwao na jua, na kauli hiyo imetughilibu. Kwetu sisi weusi hutokea hasa pale jua lisipofika sana: katika wayo, kiganja na chini ya ukucha. Bob Marley, aliyeimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe mwezi Aprili 1980, aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1977, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Basi, ndugu msomaji, kidoa kinachokua, kinachotoka damu, au chenye kingo zisizo sawa na rangi zaidi ya moja, hakina budi kupelekwa hospitali. Daktari hukitia ganzi, akakikata, na nyama yake ikapimwa. Kikiwahiwa, mara nyingi kukatwa huko ndiko tiba yenyewe. Wanaokichoma kwa tindikali au kukikwangua kwa wembe nyumbani huondoa kile kionekanacho tu. Saratani huweza kubaki chini ya kovu, ikienea kimyakimya.