Simba Aliyetoka Moyoni mwa Mfalme

Novemba 1861, Waingereza John Hanning Speke na James Grant, wakiwa safarini kusaka chimbuko la mto Nile, walifika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo. Mwenyeji wao aliwalaki kwa Kiswahili fasaha. Miongoni mwa habari ambazo Speke alizichapisha mwaka 1863 ni kifo cha Ndagara, baba yake Rumanyika.

Maiti, Speke aliambiwa, ilishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikaelea ziwani mtumbwini siku tatu hadi ikaingia funza. Watatu kati ya funza hao walipelekwa ikulu, mrithi akakabidhiwa awatunze. Mmoja akageuka simba, wa pili chui, na wa tatu, amini usiamini, akawa fimbo. Katika nchi ya wafugaji, labda fimbo haikuwa zawadi ndogo. Kisha mwili ukapandishwa kilimani, ukajengewa kibanda, na ndani yake wakafungiwa wasichana watano na ng'ombe hamsini hadi wakafa njaa. Hapo utamu wa hekaya unaisha.

Kisa cha Ruhinda, mtangulizi wa Ndagara, kina makuu zaidi. Simba mchanga alichomoka moyoni mwa maiti yake, akabaki kukilinda kilima. Uzao wake ukaenea hata majirani wakaiogopa Karagwe. Ndagara aliposhambuliwa kutoka kaskazini, hakuita askari, aliita simba.

Huku si kuzaliwa upya kunakofundishwa na Wahindu, ambako matendo ya mtu ndiyo yanayoamua atarudi akiwa nani. Katika kisa hiki hakuna anayehukumiwa: mfalme anabadili mwili ili aendelee kutawala.

Ukivuka kaskazini ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, unaielekea Ankole, nchini Uganda, iliyotawaliwa, kama Karagwe, na ukoo wa Wahinda. Mwanzoni mwa karne ya 20, mmisionari John Roscoe aliandika kwamba huko mfalme aligeuka simba, wanawake wakuu wa ikulu chui, na watoto wa kifalme chatu. Vyeo vya ikulu vilihamia porini bila kupanguliwa.

Mtu wa kawaida hakuahidiwa manyoya. Yeye alipandwa na roho za Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ya eneo hili, angali hai: Wamara, bwana wa wafu, au Mugasha wa ziwani. Aliyepandwa aliitwa embandwa, na maneno yaliyomtoka kinywani yalihesabiwa kuwa ya Mchwezi mwenyewe.