Kifaranga Asiyeweza Kusimama

Twapenda kuwakumbusha wafugaji wa Tunduma, Mbozi, Momba na Ileje kwamba ulemavu wa miguu ya vifaranga hauna asili moja.

Kifaranga mchanga ambaye miguu yake imetanuka pande mbili, mara nyingi ameteleza juu ya sakafu laini. Huyu afungwe miguu pamoja kwa kitambaa chororo, aweze kusimama sawa, na atandikiwe maranda. Akiwahiwa katika siku za kwanza huweza kupona. Vidole vikijikunja kwa ndani, yawezekana chakula kimepungukiwa vitamini B2.

Lakini kuku wa majuma kadhaa akinyosha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huenda ni mahepe. Ugonjwa huu hauna dawa. Kinga yake ni chanjo apewayo kifaranga wa siku moja. Na wengi wakipooza pamoja na kupinda shingo, yafaa kushuku kideri.

Basi mgonjwa atengwe, wala asiuzwe mnadani, maana atayaambukiza mabanda ya wengine. Aitwe afisa mifugo upesi, aelezwe umri wa vifaranga, chakula chao, na idadi ya waliougua.