Kwa nini dawa za Ebola zilipigiwa kura Beni na Butembo

Tuanze shambani. Mwenzetu amepata mbegu mupya ya maharagi. Anaipanda karibu na nyumba, pale majivu na mbolea ya mbuzi vinatupwa kila siku. Mbegu ya zamani anaipanda kule mbali, kwenye muteremko. Wakati wa mavuno ile mupya inazaa mara mbili. «Munaona? Ni mbegu!» Jirani anamuuliza: ni mbegu, ao ni mbuzi? Hakuna anayeweza kumujibu.

Kwa magonjwa ni vilevile. Mwaka 1995, Ebola ilipokuwa Kikwit, wanganga walichukua damu ya watu waliopona, wakawapa wagonjwa 8. Watu 7 walipona, wakati katika mulipuko ule karibu watu 8 juu ya 10 walikufa. Ungesema dawa imepatikana. Lakini wale 8 walipewa damu mulipuko ukielekea mwisho, matunzo yakiwa yamekuwa mazuri kuliko mwanzo. Hakukuwa kikundi kingine cha wakati ule ule cha kulinganisha nao. Tena watu 8 ni wachache: rusha sarafu mara 8 uone inavyoweza kukudanganya. Miaka ya nyuma, kule Guinea, walipojaribu maji ya damu ya waliopona kwa wagonjwa wengi zaidi, hawakuona faida iliyo wazi.

Ndiyo maana Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa inchi za kigeni walifanya utafiti ulioitwa PALM. Ulianza mwezi wa Novemba, Beni, kisha ukafika Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa 4. Kila mugonjwa aliyekubali kuingia alipewa moja, na kura ndiyo iliyoamua ni ipi. Munganga hakuchagua, chifu hakuchagua, pesa haikuchagua. Hakuna aliyepewa maji matupu, na matunzo mengine yalikuwa yale yale kwa wote.

Muzazi akiuliza, «Mutoto wangu anakufa, na ninyi munapiga kura?», ni swali la haki kabisa. Jibu ni kwamba siku ile hakuna aliyejua dawa gani inashinda. Munganga angechagua mwenyewe, pengine angempa dawa anayoiamini yule aliye mahututi, na dawa ingeonekana mbaya bila kosa lake. Kura inachanganya wenye nguvu na walio zaifu, waliofika mapema na waliochelewa, ndani ya vikundi vyote. Hapo mbolea ya mbuzi inakuwa sawa kila upande.

Kulikuwa pia kamati iliyoangalia hesabu njiani, ili watu wasiendelee kupewa dawa inayoshindwa. Agosti 2019 ilishauri kura ile ya dawa 4 isimamishwe. Kati ya wagonjwa 673 waliohesabiwa, waliopewa ZMapp, dawa iliyotegemewa sana mbele ya hapo, walikufa karibu nusu. Wa remdesivir, 53 juu ya 100. Wa mAb114, 35 juu ya 100. Wa REGN-EB3, karibu 34. Na kwa hizi mbili za mwisho, waliofika wakiwa na virusi kidogo katika damu walikufa karibu mumoja tu juu ya 10. Ile mAb114, kwa kweli, ilitokana na damu ya mutu aliyepona Kikwit mwaka 1995.

Kwa hiyo mutu akija kwenye kooperativi na dawa ya watu, ya ng'ombe ao ya mihogo, akisema imesaidia wengi, mumuulize: wengi ni wangapi? Mulilinganisha na nani? Nani alichagua wa kupewa? Na kama ni utafiti wa afya, musome karatasi, ao musomewe kwa luga munayoisikia, mbele ya kutia sahihi. Unaweza kukataa, unaweza kutoka katikati, na matunzo ya kawaida unabaki nayo.

Kwa maharagi ya masika ijayo: mugawe shamba moja vipande 12, muandike mbegu kwenye vikaratasi, muvitie ndani ya kofia, mutoto achague.