Nani Akuandikie Hati ya Nyumba?

Fedha za kahawa zinapolipwa katika nyanda za Umatengo, ardhi nayo huanza kubadilisha wenyewe. Mwenye deni huuza, mwenye ziada hununua, na kati ya hao wawili huzuka mtu wa tatu mwenye karatasi na muhuri, ambaye hujiita wakili. Huyo wa tatu ndiye tunayetaka kumzungumzia leo, kwa kuwa wasomaji wetu wa Visiwani wengi humwona kuwa ni wa kumaliza shughuli tu, hali kwa hakika yeye ndiye wa kuanza naye.

Tumeichukua Litembo, katika Wilaya ya Mbinga, kuwa mfano wetu, na tunayo sababu. Wafanyabiashara wa Kipemba wametapakaa Bara nzima, wala Mkoa wa Ruvuma haukuachwa nyuma. Tangu barabara ya lami ya kilomita 66 ilipokamilika kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na tangu ujenzi wa bandari mpya ulipoanza huko ufukweni, viwanja vya Nyasa na vya milimani vinatafutwa na watu ambao babu zao hawakupata kuviona. Mgeni anayetafuta kiwanja haraka ndiye windo jepesi kuliko wote.

Mtu wa Unguja au Pemba aendapo huko huchukua mazoea ya kwao. Kwao ardhi ilitwaliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Leo hii mambo hayo yanatawaliwa na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992, na uhamisho hupitia Bodi ya Uhamishaji Ardhi. Bara njia ni nyingine. Huko ardhi yote ni ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini, na zipo Sheria mbili za 1999, ile ya Ardhi, Namba 4, na ile ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, zilizoanza kutumika Mei 1, 2001. Nyumba iliyojengwa mjini Mbinga kwenye kiwanja kilichopimwa iko chini ya sheria ya kwanza. Nyumba iliyo kijijini, ubavuni mwa shamba la kahawa, aghalabu iko chini ya ile ya pili. Wakili asiyemwuliza mteja wake swali hilo kwanza, yaani ardhi hii ni ya namna gani, hafai, hata ofisi yake ikiwa na zulia.

Kwa nini twasema hivyo? Kwa sababu ardhi ya kijiji haihami kwa mapatano ya muuzaji na mnunuzi peke yao. Yahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua kuwa mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo ni batili, na tangu hapo imelirudia neno hilo zaidi ya mara moja. Hata hivyo, kila siku watu wanaandikiana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mtendaji, mtendaji anagonga muhuri, nao wanakwenda nyumbani wakiamini wamemaliza. Hawakumaliza. Muhuri wa mtendaji ni ushahidi kwamba mtendaji alikuwapo. Idhini ya Halmashauri hukaa katika muhtasari wa kikao chake, wenye tarehe, mahudhurio na uamuzi. Wakili mwema atautaka muhtasari huo na kuusoma kabla senti moja haijatoka mfukoni mwa mteja. Na hapa tungependa kuwakumbusha baadhi ya watendaji kwamba ile asilimia kumi ya bei wanayoidai kwa kugonga muhuri haina kifungu cha sheria.

Umatengo kuna jambo jingine, nalo ndilo linalotufanya tuseme kuwa wakili bora kwa shughuli ya Litembo si lazima awe yule mwenye jina kubwa Dar es Salaam. Ardhi ya Wamatengo kwa desturi ilishikwa kwa ntambo, yaani ukingo mzima wa mlima baina ya vijito viwili, ukoo mmoja ukilima humo mashimo yao ya ngoro, ambayo wataalamu wa kilimo hutoka ng'ambo kuja kuyatazama. Babu aligawa, wana wakarithi, na mambo makubwa yalizungumzwa katika sengu, baraza la ukoo wakati wa chakula. Tuchukue mfano. Kijana amerithi kipande, anakiuza na nyumba iliyomo, naye anaapa kuwa ni chake peke yake. Ndugu wawili wako Songea kazini, shangazi ana mibuni mia mbili upande wa chini, na mama mjane angali anaishi katika chumba cha nyuma. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetajwa katika mkataba. Wakili anayekaa mezani hatawaona. Anayepanda gari hadi Litembo, akatembea mipaka pamoja na majirani na kuwauliza wazee, atawaona wote kabla ya saa sita mchana. Kesi ya miaka saba huzuiwa na safari ya siku moja. Tena gharama ya safari ni ndogo mno kulinganisha na bei ya nyumba.

Kisha kuna mke, au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 59, hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo inaitaka ridhaa hiyo katika rehani. Wapo wanaoleta mwanamke yeyote kutia saini. Wakili makini humwita mke mwenyewe, humtazama kitambulisho, humweleza kwa Kiswahili kinachofahamika anachokitia saini, na akiwa na shaka humshauri atafute mshauri wake. Mwanamume anayenung'unika kwamba wakili amemchelewesha kwa ajili ya mkewe, ajue kuwa huyo ndiye wakili wa kumlipa.

Je, mtu atamjuaje wakili wa kweli na kishoka? Daftari la mawakili wa Bara liko kwa Msajili wa Mahakama Kuu, na kila wakili hana budi kuhuisha leseni yake kila mwaka. Siku hizi Mahakama imeweka mfumo wa e-Wakili, ambamo yeyote aweza kutazama jina na kujua kama mhusika anaruhusiwa kufanya kazi. Msomaji wa Visiwani azingatie kwamba daftari la Zanzibar ni jingine: wakili wake wa Vuga, hata awe hodari namna gani, hana budi awe ameandikishwa Bara pia. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, yataka aliyeandaa hati aandike jina na anwani yake juu yake. Hati isiyo na jina la mwandishi imefichwa na mwandishi. Nao wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanafanya kazi njema sana ya kuelimisha na kuelekeza, lakini wao si waandishi wa hati za mauzo.

Lingine la kuuliza ni hili: wewe ni wakili wa nani? Mara nyingi dalali humleta wakili mmoja kwa pande zote mbili, gharama ipungue. Inapungua kweli, mpaka siku ya ugomvi, ndipo kila upande unapogundua kuwa hakuwa wake. Benki nayo inapokopesha huwa na wakili wake, anayeilinda benki. Mkopaji hana sababu ya kumdhania kuwa amewekwa pale kwa ajili yake.

Habari ya rehani yahitaji neno la ziada. Mkulima wa Mbinga anaijua shida ya magoma, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya dhiki, na wengi wamekimbilia benki ili kuiepuka. Baadaye huhamisha deni toka benki moja hadi nyingine yenye riba nafuu. Hapo wakili ana kazi tatu ambazo hazionekani: kuhakikisha rehani ya zamani imefutwa kwa maandishi na ufutaji huo umesajiliwa, kuipata hati irudi mkononi, na kuitafuta ridhaa ya mwanandoa upya, kwa kuwa ya mara ya kwanza haitoshi. Akiiacha ya kwanza, nyumba moja itabeba rehani mbili na mwenyewe hana habari.

Anayeelekea ufukweni, Mbamba Bay au Liuli, akumbuke pia mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda. Kuna wanaouza mandhari hiyo hiyo.

Kwa wakuu wa Serikali tunalo ombi. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Bara. Basi mikataba ya nyumba iandikwe kwa lugha hiyo, na Msajili asione haya kuirudisha isiyoeleweka na aliyeitia saini. Mabaraza ya Kata, ambayo tangu mwaka huo yamebaki na kazi ya kusuluhisha tu, yaambiwe wazi mipaka yao. Na katika kila ofisi ya kata, Litembo ikiwa mojawapo, yabandikwe majina ya mawakili wenye leseni ya mwaka husika walio Mbinga na Songea, pamoja na utaratibu wa kupata muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji. Tangazo hilo libandikwe kabla msimu wa kahawa haujafunguliwa, siyo baada ya fedha kulipwa.